Kutoka Msalaba wa Mabaharia hadi Kanisa la Watoro

Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1498 ilimkuta Vasco da Gama ametia nanga mbele ya Malindi. Alikuwa ametoka Mombasa roho mkononi, na hakujua kama shehe wa huku angempokea au angemkatia kamba za nanga usiku. Bandarini alikuta vyombo vinne vya wafanyabiashara wa Bara Hindi. Mabaharia wa Kireno wakawakaribisha wageni hao kwenye merikebu, wakawaonyesha picha ya altareni: Bikira Maria yuko chini ya msalaba. Wahindi wale wakaanguka kifudifudi. Wareno wakafurahi wasiwe na la kusema, wakaandika kwenye daftari la safari kwamba Malindi wamekutana na Wakristo wenzao.

Walikuwa Wahindu. Ndivyo ilivyo kwamba Wakristo wa kwanza kuandikwa katika habari za Malindi hawakuwa Wakristo kamwe.

Kisa hicho hakisimuliwi sana Muyeye, na si ajabu. Muyeye ni mtaa wa viungani mwa Malindi, uliogeuzia bahari mgongo. Mtu anaamka na ya kwake. Alfajiri utawasikia waendesha tuktuk wakipasha injini, akina mama wakichota maji huku wakiamkuana kwa Kigiriama, na harufu ya mahamri yanayotoka kwenye karai. Nyumba ya mawe ya matumbawe imebanana na ya udongo na makuti, na kati yao kanisa la mabati lenye spika kubwa kuliko mlango wake. Jumapili hapa hazina ukimya. Lakini muulize kijana wa mtaa huu kanisa la kale kuliko yote la mji wake liko wapi, atakuonyesha kidole upande wa mjini kwa kubahatisha, na kutoka hapo alipo ni mwendo mfupi tu wa tuktuk.

Nakiri kwamba kuzungumzia makanisa Malindi siku hizi kunataka moyo. Tangu Aprili 2023, msitu wa Shakahola ulipoanza kufukuliwa na miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri mmoja kutolewa mchangani, neno lolote kuhusu mhubiri na waumini wake linaanza kwa watu kutazamana. Huenda ndiyo sababu nzuri zaidi ya kwenda kuyatazama makanisa yaliyodumu, na kuuliza yalidumu kwa nini, na mengine yalikufa kwa nini.

Safari ninayoieleza inaanzia Muyeye asubuhi na mapema na kuishia Rabai, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Kilifi, kabla jua halijatua. Kunywa chai yako kabisa, na mbaazi za nazi usizikatae, kwa sababu chakula cha mchana kitachelewa.

Kwanza nenda kwenye nguzo. Tuktuk itakuteremsha mahali barabara inapoishia, kisha utatembea juu ya mwamba wa matumbawe uliotafunwa na mawimbi mpaka ukawa na meno. Kwenye ncha ya rasi imesimama pia nyeupe iliyopakwa chokaa, na juu yake msalaba wa jiwe wenye nembo ya Ureno. Watalii wanapiga picha pia hiyo wakidhani ndiyo iliyojengwa na da Gama. Sivyo. Pia ile ni ya mwaka 1873, iliwekwa na Kapteni Malcolm wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Briton, ili msalaba usije ukaporomokea baharini. Cha kale ni msalaba wenyewe, uliochongwa kwa jiwe la Lisbon.

Da Gama aliuacha hapa Januari 1499, aliporudi kutoka India akiwa na mabaharia waliokwisha kwa kiseyeye. Hapo awali ulisimamishwa karibu na nyumba ya shehe. Wenyeji, ambao walikuwa Waislamu, hawakupendezwa kuamka kila siku na msalaba wa wageni mlangoni kwa mtawala wao, na ukaondolewa. Baadaye ndipo ukaja kusimama huku rasini, mbali kidogo na macho. Mimi naona hapo pana akili ya kisiasa ya Kiswahili ya kweli: rafiki humvunji uso, na watu wako huwaudhi, unatafuta mahali pa katikati. Shehe wa Malindi alimhitaji Mreno kwa sababu ya ugomvi wake na Mombasa, na Mreno alimhitaji shehe kwa sababu ya rubani. Rubani alipatikana, da Gama akang'oa nanga tarehe 24 Aprili 1498, na kabla ya Mei kwisha alikuwa Kalikuti. Vitabu vingi vya shule vimesema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Uarabuni. Wanahistoria wa leo hawakubali, na wengi wanamtaja Mgujarati.

Usikae sana kwenye nguzo. Upepo ni mzuri, wauza shanga wana maneno matamu, lakini jiwe lile halina mengi ya kukwambia zaidi ya kwamba mtu fulani alipita. Rudi na barabara ya ufuoni kuelekea mjini, na hapo kando ya njia, ndani ya ua mdogo wenye makaburi, utaona kibanda cheupe chenye paa refu la makuti.

Hicho ndicho kikanisa cha Wareno.

Mtu aliyezoea makanisa ya picha, yenye minara na vioo vya rangi, atapita bila kusimama. Ni chumba kimoja. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, zimepakwa chokaa mara nyingi hata pembe zake zimekuwa butu. Paa la makuti linashuka chini sana, kwa hiyo mlangoni mtu mrefu anainama hata kama hana nia ya kusali. Ndani mna ubaridi, ule ubaridi wa nyumba za kale za pwani. Ukikaa kwenye benchi unasikia mambo mawili: bahari upande mmoja, pikipiki upande wa pili. Watu wa hapa wanajua kuezeka makuti kuliko Mreno yeyote aliyewahi kufika. Na bila mikono yao kikanisa hiki kingekuwa rundo la mawe zamani.

Mwaka 1542 alipita hapa Francis Xavier, Mjesuiti, akienda Goa. Alikuwa ameondoka Lisbon Aprili 1541, akakwama Msumbiji miezi mingi akingoja pepo na kuuguza wagonjwa, kisha akapanda merikebu iliyogusa Malindi na Sokotra. Baadaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu, mwaka 1622, na leo shule na parokia kadhaa za Kenya zina jina lake. Hapa Malindi hakuanzisha kitu. Alimzika mtu mmoja aliyefia chomboni. Katika barua aliyoiandika Goa Septemba mwaka huohuo alieleza kwamba Waislamu wa mji waliohudhuria walipendezwa na namna Wakristo wanavyowasindikiza wafu wao. Aliutaja pia msalaba mkubwa wa jiwe, uliopakwa dhahabu, ambao Wareno walikuwa wameusimamisha karibu na mji.

Katika barua hiyohiyo kuna mazungumzo ambayo ningependa kila mhubiri na kila ustadhi wa Malindi ayasome. Mzee mmoja mwenye heshima zake mjini alimjia Xavier na swali. Je, makanisa ya kwenu yanajaa watu? Maana hapa kwetu, akasema, tuna misikiti 17, na inayohudhuriwa ni mitatu tu. Mzee alikuwa na uchungu kweli. Alitaka kujua kama dini imepoa kwao peke yao au ni dunia nzima. Xavier alimjibu kama mmishonari wa karne yake, kwamba Mungu hakai katika sala za wasioamini, na mzee hakuridhika. Wakaachana hivyo.

Nimelisoma jibu lile mara nyingi na kila mara namwonea huruma zaidi mzee. Alikuja na swali la jirani kwa jirani, akapewa hukumu. Hata hivyo, ni nani leo, padri, mchungaji au imamu, asiye na swali hilo kifuani? Nenda Malindi Jumatano mchana ukahesabu.

Uani kuna makaburi ya Wazungu wa nyakati za baadaye, wengi wakiwa watu wa serikali ya kikoloni na walowezi waliokufa mbali na kwao. Tembea polepole kati yao na usikanyage. Jina la Mgiriama hulikuti hapo, na jambo hilo linaeleza kikanisa hiki kuliko kibao chochote. Kilijengwa na wageni kwa ajili ya wageni: mabaharia wanaougua, wafanyabiashara wa pembe na pilipili, askari wachache. Wenyeji walikuwa na misikiti yao. Kutoka hapa hadi Msikiti wa Juma, wenye kaburi la nguzo lililotangulia kufika kwa Wareno, si mbali, na pitia ukiwa umejisitiri vizuri mabega na magoti. Wageni walipoondoka, hakubaki mtu wa kufungua mlango wa kikanisa.

Waliondoka kwa sababu Mombasa ilikuwa imeanguka. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na shehe wa Malindi, rafiki yao wa miaka karibu mia, akahamishiwa Mombasa kuwa sultani huko. Malindi ikaachwa ijifie. Nyasi zikaota barabarani.

Anayetaka habari za watawa na monasteri katika historia hii lazima aifuate familia hiyo ya Malindi hadi Mombasa. Watawa wa Kiagustino walifika huko mwaka 1597 wakajenga monasteri yao mjini, si mbali na ngome. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa familia hiyo aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara upande wa Rabai, na huko akauawa. Mwanawe Yusuf alikuwa bado mtoto. Akachukuliwa hadi Goa, akalelewa na Waagustino hao, akabatizwa Jerónimo, akafundishwa Kireno na mizinga, akaozwa. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuketi kwenye kiti cha baba yake, akiwa mfalme Mkristo wa mji wa Kiislamu. Ni nani hakuona kwamba hapo pana moto chini ya majivu?

Ilisemekana alionekana usiku kwenye kaburi la baba yake, akiomba kwa namna ya Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Kabla kapteni hajatenda lolote, Agosti 1631, katika siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake na kumchoma kisu kwa mkono wake mwenyewe. Wakristo waliobaki walikimbilia kwa watawa, kwenye monasteri. Walipewa nafasi ya kusilimu. Waliokataa waliuawa, mapadri, Wareno, na pia Waswahili waliokuwa wamebatizwa. Kanisa linawaita Mashahidi wa Mombasa. Yusuf mwenyewe, ambaye Wareno wanamwita Chingulia, aliistahimili mizinga yao mwaka uliofuata, kisha akaiacha ngome na kuwa haramia wa bahari mpaka alipofariki Jeddah mwaka 1638.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu ndiyo nusu ya pili ya hadithi ya nguzo. Urafiki ulioanza kwa picha ya altareni na Wahindu waliosujudu uliishia kwa damu mlangoni kwa monasteri, na mwenye kisu alikuwa mjukuu wa mashehe walewale wa Malindi waliowapokea Wareno.

Sasa toka kikanisani, rudi stendi, panda matatu ya Mombasa. Ukipita Gede usishuke leo. Mji ule wa kale, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, unataka siku yake. Mtazame tu konda akigonga bati na ujiulize jambo moja linalowasumbua wataalamu tangu James Kirkman alipoanza kuchimba huko mwaka 1948: Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, na Gede iko kilomita kama 16 tu, yenye msikiti mkubwa na kasri, lakini hawakuitaja hata kwa mstari mmoja.

Daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991, linavukwa kwa dakika moja. Wazee wanaokumbuka kivuko na foleni yake wataongeza maelezo wenyewe bila kuombwa. Ng'ambo ya daraja, Mavueni, shuka. Hapa ndipo wasafiri wengi wanaendelea moja kwa moja na barabara kuu. Wewe pinda kulia, uingie bara, uelekee Kaloleni.

Njia inapanda. Bahari inapotea nyuma, hewa inabadilika, na minazi inasongamana mpaka unadhani kaunti nzima imepandwa kwa mkono mmoja. Ukitaka kujua mnazi wa kugema unatoka wapi, umefika. Kaloleni kuna hospitali ya zamani ya misheni ya Anglikana, Mtakatifu Luka, ambako wazazi na mababu wa watu wengi wa Muyeye walitibiwa. Huko kwenye vilima vya Ribe, Wamethodisti wa Kiingereza walifika mwaka 1862; Krapf, mmishonari tutakayemkuta Rabai, alirudi kutoka Ulaya kuwaonyesha njia, na mmoja wao, Thomas Wakefield, akabaki.

Kuna njia nyingine iliyopita katika vilima hivi, ya miguu na ya usiku. Mwaka 1861 Sultani Majid wa Zanzibar aliifufua Malindi iliyokufa. Ilirudi kuwa mji tajiri kwa mtama na ufuta, na mashamba hayo yalilimwa na maelfu ya watumwa. Watumwa wakatoroka. Wengine walijificha vichakani, wengine wakapokewa Fuladoyo, kijiji cha Wagiriama waliojisomea Injili na watoro waliojiunga nao. Kiongozi wao mmoja, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Na wengine, kutoka mashamba ya Mombasa hasa lakini na ya Malindi pia, walisikia kwamba kuna mahali panaitwa Rabai.

Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani waliotumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, walihamia Rabai Agosti 1846. Krapf alikuwa amekwisha kumzika mkewe Rosine na kitoto chao ng'ambo ya Mombasa, miaka miwili nyuma. Siku ya kupanda kilima homa ilikuwa imewakamata wote wawili. Wazee wa kaya waliwapa mahali. Na hilo lisisahaulike, kwa sababu bila ruhusa ya kaya hakungekuwa na Rabai ya Kikristo. Msitu wa kaya bado uko pale juu, ni mmoja kati ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa UNESCO mwaka 2008.

Kazi yao ilikuwa ya kukatisha tamaa. Mtu wa kwanza waliyembatiza, Mringe, alikuwa kilema mgonjwa aliyekata roho muda mfupi baadaye. Kwa hiyo walizunguka. Mei 1848 Rebmann aliiona Kilimanjaro na theluji yake, wasomi wa London wakamcheka. Desemba 1849 Krapf akauona Mlima Kenya. Krapf aliondoka akaendelea kuandika; kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Rebmann yeye alibaki. Miaka 29 bila kwenda likizo kwao, mke akafa, macho yakaisha, waumini wakihesabika kwa vidole. Mwaka 1875 aliondolewa akiwa kipofu, mwaka uliofuata akafariki Ujerumani.

Nyumba zao ndogo bado zipo, na jengo la zamani la misheni sasa ni makumbusho chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mhudumu atakuzungusha. Sikiliza, lakini usiishie kwa Wajerumani hao wawili, kama wengi wanavyofanya. Toka nje utazame kanisa la Mtakatifu Paulo, la mwaka 1887, na uulize nani walilijaza.

Walilijaza watu wa namna tatu tofauti. Kwanza Warabai wachache. Pili, wale walioitwa Waafrika wa Bombay: watoto wa bara, waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakasomeshwa India na kurudishwa pwani wakiwa waashi, walimu na makatekista. Tatu, na wengi kuliko wote, watoro.

Katika hao wa pili yuko William Jones, ambaye mimi namhesabu kuwa mtu mkubwa kuliko wote waliopita Rabai. Mei 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, pamoja na Ishmael Semler. Miezi michache baadaye Jones akafuatana na askofu kwenye safari ya Uganda. Hannington alitangulia na wapagazi wachache, akauawa Busoga mwishoni mwa Oktoba. Jones aliyekuwa nyuma na msafara mkubwa aliachwa na mzigo wa kuwarudisha watu kwa miguu, mamia ya maili, katika njaa. Februari 1886 watu wa Rabai waliwaona wakipanda kilima. Mbele walibeba bendera ya buluu yenye herufi nyeupe: ICHABOD, jina la kwenye kitabu cha Samweli, la mtoto aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli. Wanawake waliokuwa wamewangoja waume zao walianza kuwahesabu wanaorudi.

Nakushauri usimame pale kwenye kiambaza cha kanisa na uitazame njia ile inayopanda. Haina mnara, haina pia nyeupe. Ni njia tu.

Watoro nao walizidi kuja. Mabwana zao walitisha, mara kadhaa, kwamba watakuja Rabai kuichoma. Wakubwa wa misheni waliyumba: sheria iliwakataza kuwaficha watumwa wa watu, nao watumwa walikuwa tayari wana mashamba, wake, watoto na viti kanisani. Jones hakuyumba, alijua utumwa ni nini, hakusimuliwa. Mwishoni mwa 1888 mambo yalifika ukingoni, na George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi pwani akaamua kuwalipa mabwana fidia. Tarehe mosi Januari 1889, hapa Rabai, zikatolewa karatasi za uhuru. Waliokombolewa katika vituo vya misheni vya pwani walikuwa zaidi ya 1,400, na sehemu kubwa yao walikuwa wa Rabai.

Kanisa lilikuwa na umri wa miaka miwili tu siku hiyo. Linganisha na kile kikanisa cha asubuhi. Malindi kulikuwa na mfalme rafiki, msalaba uliopakwa dhahabu, mtakatifu mwenyewe akipita kwa miguu yake, na hakukubaki muumini hata mmoja. Rabai kulikuwa na kipofu mmoja na watu waliokimbia viboko, na Jumapili hii ukienda utakuta ibada inaendelea, kwa Kiswahili na Kirabai, vitukuu vikiimba kwenye mabenchi ya mababu.

Kula Mazeras wakati wa kurudi, hapo viazi karai ni vya moto na vinashibisha. Ukiwa umechoka na vilima, shika barabara ya Mombasa, uingie matatu ya Malindi. Utafika Muyeye usiku ukiwa na vumbi la kutosha. Gari la kukodi la kikundi litapunguza saa nyingi. Beba fedha taslimu za viingilio, na kitambulisho, kwa kuwa raia wa Kenya na mgeni hawalipi bei moja.

Kila Jumatatu ya Pasaka makanisa ya Muyeye hukusanya vijana, hukodi basi, na basi hilo huishia ufuoni kwa muziki na soda. Wachungaji, makatekista na akina mama wa vyama vya kanisa, nawaomba: mwaka huu mmoja tu, mwambieni dereva akate kulia Mavueni.